Mtungi wa Bibi Umepata Bei

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ile ya mwaka 1964, inataja miaka miwili ambayo mtu wa Mikindani hana budi kuijua. Wa kwanza ni 1863. Kifaa chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo ni cha kale, basi. Wa pili ni 1940, nao unahusu milango: mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka huo unalindwa, pamoja na fremu yake, na huwezi kuung'oa ukaupakia melini bila kibali. Ukipita mitaa ya zamani ya Mikindani ukakuta milango miwili ya nakshi inayofanana kama mapacha, mmoja wa 1939 na mwingine wa 1941, kwa hesabu ya miaka mmoja umo ndani ya kifungu na mwenzake umeachwa nje, eti kwa kuwa fundi wake alichelewa kunoa patasi.

Kwetu Chikongola, Mtwara mjini, hapakuwa na mlango wa nakshi. Wetu ulikuwa wa mbao za kawaida, wa rangi ya bluu, na kila msimu wa mvua ulivimba hadi ukasukumwa kwa bega. Kitu cha kabla ya 1863 hakikuwamo, labda mafiga, na mafiga ni mawe ya Mungu. Kwa hiyo sikutegemea hata siku moja kusikia neno "antiki" likitamkwa ukumbini kwetu. Limetamkwa. Alilitamka kijana mmoja mpole, mwenye viatu safi, aliyeletwa na jirani muda mfupi baada ya arobaini ya bibi. Alikuwa ameuinamia mtungi.

Nitaurudia mtungi. Kwanza nieleze kilichonichanganya, maana kilinichanganya kweli. Kama uzee wa kitu ni miaka, basi nyumba yetu ina hesabu za ajabu. Mbuzi ya kukunia nazi pale jikoni ni kubwa kwa umri kuliko mama yangu, na hakuna mtu anayeiita ya kale. Asubuhi ya leo imekaliwa, imekuna nazi ya wali, imeoshwa, imeegeshwa ukutani. Televisheni ya chogo, kwa upande mwingine, niliiona ikiingia mtaani nikiwa na akili zangu timamu, na leo mpwa wangu akiiona kwenye picha anacheka mpaka anakaa chini. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa hadi mwaka 1994. Sisi wa Mtwara tulichelewa zaidi. Ya kwanza mtaani kwetu iliwashwa kwa betri ya gari, na watoto tulilipa kiingilio cha kuchota maji ya mwenye nyumba. Halafu yakaja mambo ya ving'amuzi. Dar es Salaam walizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na sisi zamu yetu ikafuata. Kufumba na kufumbua kila ukumbi una televisheni bapa ukutani, na yenye chogo iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia juu yake. Imezaliwa, imetawala na imezeeka ndani ya ujana wa mtu mmoja.

Mbuzi bado kijana, televisheni kikongwe. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba miaka haihusiki sana. Kitu kinazeeka siku kinapokosa kazi, na kazi inaweza kuondoka kwa sababu ambazo chombo chenyewe hakizijui.

Chukua chemli. Watu wengi husema umeme ndio ulioiua. Kwetu si kweli, au ni kweli nusu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka 20 kabla haijawasha balbu hata moja Mtwara. Miaka hiyo yote tulikuwa na majenereta ya dizeli yaliyokuwa na tabia zao, na vijijini hata hayo hayakufika. Chemli iliishi vizuri tu. Umeme ulipokuja kwa wingi, chemli ilibaki juu ya kabati kama mchezaji wa akiba, ikingoja kukatika. Iliyoiua ni bei. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa sababu wajanja walikuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli, ule uchakachuaji uliokuwa gumzo la nchi nzima. Walilengwa wajanja wa vituo vya mafuta, akapigwa bibi wa Nanyamba anayenunua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa ya soda. Wakati huohuo tochi za Kichina na taa ndogo za sola zikawa zimefika hadi magulioni. Mwenye chemli akapiga hesabu, akaitundika.

Ilikuwa na adabu zake, chemli. Saa kumi na mbili kasoro jioni kazi ilikuwa ya watoto, na haikuwa kazi ya kupewa kwa kuonewa: kioo chake kilikuwa chembamba mdomoni, mkono wa mtu mzima haupiti. Unakitoa polepole, unatia majivu kidogo na kitambaa kikavu, unazungusha, unapuliza, unakiangalia kwenye mwanga wa jua linalozama. Masizi yakibaki, utaambiwa. Utambi unakatwa sawasawa, ukikatwa mshazari mwali unapanda upande mmoja na kioo kinakuwa cheusi kabla ya taarifa ya habari. Na ole wako tone la mvua likidondokea kioo cha moto. Ta! Kesho yake unatumwa dukani kununua kingine, na mwenye duka anakuuliza kwa sauti, mbele ya watu, nani amevunja.

Chemli ilikuwa ya ukumbini. Jikoni na chooni ilikwenda koroboi, kopo la dawa au la maziwa lililotobolewa na fundi bati, utambi wa kitambaa, bila kioo. Hiyo ndiyo iliyosomesha watu wengi wa kusini. Asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi, na daftari linanuka mafuta hadi mwalimu anajua nani amefanya kazi usiku. Karabai ilikuwa ngazi nyingine kabisa. Ilipigwa pampu, ikaanza kuvuma, ukumbi wote ukawa mweupe. Haikuwa mali ya kila nyumba. Iliazimwa kwa maulidi, kwa harusi, kwa msiba, na wavuvi wa dagaa walikwenda nazo baharini, mpaka usiku wa giza ukisimama ufukweni Shangani unaona mji mwingine juu ya maji.

Sasa nimeziona chemli nyingi kwa pamoja, nyingi kuliko nilivyowahi kuona mtaani kwetu, kwenye mgahawa mmoja wa Dar es Salaam. Zimepakwa rangi ya dhahabu na kutundikwa darini, ndani yake zimo balbu za umeme. Vioo safi kweli. Nilimwuliza mhudumu nani anavisafisha, akanitazama kama mtu aliyeuliza nani anasafisha mwezi.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo nadhani linaeleza kwa nini vyombo hivi vilidumu kusini kuliko kwingine. Barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mvua zikishika kasi hata kukifikia hicho kivuko ilikuwa ni riwaya. Na baada ya daraja bado kulikuwa na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilichomeza mabasi na uvumilivu wa abiria kwa miaka mingine mingi. Mzigo ulikuja kwa meli, ulikuja ukitaka, na bei yake ilikuwa imekwishasafiri. Ukiongeza miaka ile ya mwanzoni mwa 1980, sabuni hakuna na tunafulia majani ya mpapai, utaelewa kwamba nyumba haikuwa na ruhusa ya kutupa kitu. Sufuria ikitoboka ilikwenda kwa fundi kuwekewa kitako kipya, na nyingine zilibadilishwa kitako mara nyingi mpaka ukajiuliza ni sufuria ileile au ukoo wa sufuria. Mwavuli ulikuwa na fundi wake. Kitanda cha kamba kikilegea kinakazwa. Kamba zikiisha zinasukwa nyingine. Matendegu ni yaleyale ya babu. Sahani ya bati yenye maua ikibanduka rangi inashushwa cheo, inakuwa ya kufunikia mtungi.

Barabara ilipokamilika, plastiki iliingia kwa lori. Sisemi kwa ubaya. Aliyebeba ndoo ya plastiki kichwani baada ya miaka ya kubeba debe la bati lenye ukingo wa kukata vidole hana cha kulililia debe. Hotipoti inatunza wali hadi mgeni anayechelewa afike, kitu ambacho kawa, kwa uzuri wake wote wa ukili wa rangi, haikuweza. Kawa ilizuia nzi tu. Kifumbu cha kuchujia tui kimesalimu amri mbele ya chujio la shilingi elfu moja, na mama yangu hakutoa hata hotuba. Mabadiliko yaliyokwenda hatua kwa hatua Dar es Salaam kwa miaka arobaini sisi tulipewa kwa mkupuo. Ndiyo maana mtu wa rika langu hapa anaweza kuwa amekulia katika nyumba ambayo leo ni makumbusho, na hajafika hata uzeeni.

Nasema makumbusho nikijua kwamba kusini tuna uzoefu mrefu wa kuona vitu vyetu vikienda kukaa nyuma ya vioo vya watu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale Tendaguru, Lindi, mifupa ya wale mijusi wakubwa. Wapagazi waliibeba kichwani hadi bandarini, na mjusi mmoja amesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Huo ni mfupa, hauna bibi. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1906, alipita mtu mwingine, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Moshi wa Majimaji ulikuwa bado haujatawanyika sawasawa. Akatoka Lindi kwenda Masasi, akapanda hadi Newala, na yeye hakuja kutafuta mifupa. Alitaka vyombo. Vitu vya nyumbani kwa mtu, vinyago, ala za ngoma, vyote vya kwenda Leipzig, na alichukua picha na kurekodi nyimbo kwa mashine.

Huwa nawafikiria sana waliomwuzia. Nadhani walicheka. Maana mwaka 1906 mwanamke wa Newala aliyeuza chungu chake alikuwa amefanya biashara ya akili kabisa: udongo upo, mikono ipo, anafinyanga kingine, na rupia amepata. Chungu kilizeeka kilipofika Leipzig. Newala kilibaki kipya, kwa sababu pacha wake alikuwa motoni. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mnunuzi wa wakati ule na huyu wa viatu safi. Yule alinunua kitu katika mfululizo. Huyu ananunua cha mwisho, na anajua, na sisi hatujui.

Mwingine ataniambia hayo ni mambo ya makumbusho, wewe una mtungi tu. Sawa, lakini angalia safari ya lipiko, kinyago cha kuchezea ngoma cha Wamakonde. Mwaka 1984 kimoja kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaja kuonekana Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller, na kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Robo karne imepita kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimeandikishwa, chenye namba na mlinzi mlangoni. Mtungi wa bibi haukuwa na namba.

Basi, mtungi. Bibi alikuja nao kutoka Newala alipoolewa Mtwara, au ndivyo alivyosema, na alipenda kusema akiwa amekaa karibu nao. Juu kule uwandani kwa Wamakonde hakuna mto. Mvua inazama mchangani na maji yanatokea chini mabondeni, kwa hiyo kwa vizazi na vizazi wanawake wameteremka mlima na kuupanda tena na maji kichwani. Mtu wa huko akikuwekea kata ya maji usiyaone madogo. Bibi aliishi Mtwara mjini miaka mingi, bomba likiwa uani, na bado aliyanywa maji kama mtu anayejua yalipotoka. Kata ya kifuu cha nazi ilining'inia kwenye msumari wake, na ole wako uichovye ukiwa umeitia mdomoni.

Maji yale yalikuwa ya baridi. Siyo baridi ya friji inayouma meno, baridi tu. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi unabaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Maji yanapenya humo taratibu hadi upande wa nje, yanakauka kwa upepo, na katika kukauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi unaofanya kazi hutoka jasho. Mwezi wa saba, kusi ikivuma na hewa ikiwa kavu, maji ya mtungi yalikuwa anasa. Mwezi wa pili hewa nzito, jasho halikauki, mtungi nao unachoka kama sisi. Bibi hakuwa na maelezo haya. Alikuwa na sheria: usiuweke juani, usiuoshe kwa sabuni, usiupake kitu.

Kijana wa viatu safi alitaja shilingi 80,000. Chumba kikanyamaza. Mpaka siku ile, katika mgao wa vitu vya marehemu, mtungi haukuwa na mwenyewe. Kanga zilikwishagawiwa kwa mabinti, kitanda kilikwenda kwa mtoto wa mwisho, vyombo vya kauri vilileta maneno ambayo sitayaandika hapa. Mtungi ulikuwa umeachwa pembeni pamoja na kinu na ungo uliotoboka. Baada ya shilingi 80,000 ukapata ndugu wengi sana. Binamu mmoja akakumbuka kwamba bibi aliwahi kumwahidi. Mwingine akakumbuka ahadi ya kabla ya hiyo. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli ya mwisho kwa mambo ya upande wa mama, aliwaacha waseme wote, kisha akamwuliza kijana swali moja: "Mwanangu, ukiununua utautia maji?"

Kijana hakudanganya, namheshimu kwa hilo. Alisema utapakwa vanishi ung'ae, mteja atauweka sebuleni na matete makavu ndani.

Ukiupaka vanishi vile vitundu vinaziba. Unabaki na umbo la mtungi. Mjomba alilijua hilo bila somo la fizikia, kwa sheria za bibi. Lakini nisimfanye mjomba kuwa shujaa wa hadithi, kwa sababu aliuuza. Aliongeza bei ikafika 100,000, akaigawa fedha kwa wajukuu waliokuwa shuleni, na mmoja wao alinunuliwa viatu. Hakuna kati yetu aliyekuwa anakunywa maji ya mtungi. Friji lilikuwa palepale, linanguruma, likisikiliza kesi yote. Binamu yangu anayepinga hadi leo kwamba tumeuza urithi ana friji mbili.

Kinachoniuma mimi ni kidogo na hakina fedha. Sikumwuliza mtu nani aliufinyanga. Wafinyanzi wetu ni wanawake, kila mmoja ana mkono wake, na michoro ile ya shingoni haikuwekwa ovyo. Mjomba hajui. Nimemtafuta shangazi mmoja wa Newala, ananiambia wapo bado wanaofinyanga, ila vyungu vidogo vya kupikia na vya maua. Mtungi mkubwa wa maji nani atauagiza.

Na hao wenye mitungi wana bahati, kwa kuwa kuna mnunuzi mwingine anayepita mitaani mwetu mara nyingi zaidi, na huyo havai viatu safi. Vijana wa chuma chakavu na mizani yao ya kuning'iniza. Pasi ya mkaa ya baba, ile yenye jogoo kwenye kifungio, iliyonyoosha shati la kila Ijumaa, iliondoka kwa kilo. Kule Dar es Salaam pasi kama ile ni pambo la rafu. Hapa ilipimwa pamoja na springi za gari. Cherehani ya jirani ilikuwa na bahati ya katikati: kichwa kilikwenda kwenye chakavu, miguu ya chuma ikanunuliwa na fundi seremala, sasa ni meza ya kahawa kwa mtu fulani. Tofauti kati ya antiki na chakavu hapa kwetu ni nani aliyebisha hodi kwanza.

Tumebakiza kinu. Kile kijana alikiona pia, akakizunguka, akakipigapiga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti. Ni cha mti mzito, kimeliwa ndani kwa miaka ya makopa, kwa maana kabla mashine ya kusaga haijasogea mtaani unga wa muhogo ulitoka humo, na kisamvu hadi leo hakikubali mashine, kinakuwa uji. Mama mdogo, ambaye ndiye mwenye kinu sasa, hukiazimisha kwenye shughuli. Pilau ya harusi inataka viungo vilivyotwangwa, na wenye blenda wanatwanga kilo moja umeme unakatika.

Kijana akataja bei. Mama mdogo hakuuliza kitapakwa nini wala kitawekwa wapi. Alimwambia kinu hakipo nyumbani wiki hii na ijayo, kimeandikiwa harusi mbili Vigaeni na hitima moja Magomeni, na mchi mmoja una ufa, kwa hiyo kama anapita Mikindani amwulizie fundi wa kuchonga mwingine. Kijana akaandika namba ya fundi kwenye simu yake. Mchi umeletwa juzi. Mama mdogo anasema ni mwepesi, ataurudisha.